UZI: Kupanga vitabu pepe kwa Calibre, na jinsi HP alivyokuwa mwandishi hodari kuliko wote nyumbani kwangu

Mwalimu wa Kamalondo

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Lubumbashi. Wengi mmeniuliza nilivyopanga vitabu vyangu vya kompyuta, nami niliahidi kueleza kwa wepesi ambao sasa naujutia, kwa kuwa maelezo yenyewe si mafupi.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Kwa miaka kumi na miwili nimekusanya vitabu pepe jinsi mtu anavyookota kuni njiani: kimoja kwenye flashi ya mwenzangu, kingine kwenye simu, vingine kwa barua pepe za wanafunzi wa zamani walioko ng'ambo, na fungu kubwa ni silabasi za chuo, yaani mihadhara ya maprofesa iliyochapwa kwenye vibanda vya fotokopi. Nilipohesabu, nilikuta faili 2,314 katika folda zenye majina kama "Vitabu", "Vitabu vipya", "Vitabu vipya 2", "Kupanga baadaye" na "Machine ya zamani". Kuna kitabu kimoja ambacho nimekipakua mara nne kwa mega za kununua, kwa sababu kukitafuta kwenye diski yangu mwenyewe kulinichosha kuliko kukipakua upya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa na mali hiyo bila daftari lolote.

Programu niliyoitumia inaitwa Calibre. Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka 2006, wakati Sony ilipotoa kisomeo chake cha PRS-500, yaani kifaa cha kusomea vitabu pepe, ambacho hakikuwa na programu ya kukihudumia kwenye Linux. Akaandika ya kwake, akaiita libprs500, na mwaka 2008 ikapewa jina la sasa. Ni ya bure, wala si ile bure ya mwezi mmoja kisha unadaiwa, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL toleo la 3. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Faili ya kusakinisha inakaribia megabaiti 200, kwa hiyo ipakue mara moja, iweke kwenye flashi, kisha uwagawie majirani. Mwenye kompyuta ya biti 32, au ya Windows 8, asihangaike na toleo jipya, kwa kuwa tangu toleo la 6, lililotoka Julai 2022, programu inadai biti 64. Yeye achukue toleo la 5.44.

Jambo la kwanza la kuelewa, ambalo huwashtua wengi, ni kwamba Calibre haigusi faili zako mahali zilipo. Ukiiambia iongeze kitabu, hukinakili na kukiweka ndani ya folda yake yenyewe, ambamo kila mwandishi ana folda, kila kitabu kina folda yake ndani ya ile ya mwandishi, na humo mna kitabu chenyewe, picha ya jalada na faili ndogo ya maandishi iitwayo metadata.opf. Kwenye folda kuu mna metadata.db, ambayo ni kanzidata ya SQLite inayobeba taarifa za vitabu vyote. Faili ya asili inabaki ilipokuwa hadi uifute mwenyewe. Maana yake ni kwamba kwa muda utahitaji nafasi mara mbili. Mimi nilikuwa na gigabaiti 31 za vitabu na gigabaiti 19 za nafasi, nikalazimika kuazima diski ya nje kwa shemeji yangu, ambaye mpaka leo ananikumbusha kila tunapoonana.

Nilichagua folda zote, nikabonyeza kitufe cha kuongeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaangalia orodha ya waandishi iliyo upande wa kushoto, yenye idadi ya vitabu kando ya kila jina. Aliyeongoza alikuwa HP, mwenye vitabu 143. Alifuatwa na User, kisha DELL, kisha Administrator. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Sababu yake ni rahisi. Programu husoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na PDF iliyotengenezwa kutoka Word kwenye kibanda cha fotokopi hubeba jina la mtumiaji lililowekwa kwenye mashine iliyoichapa, si jina la profesa aliyeiandika. Hata kichwa cha kitabu huwa ni "Microsoft Word - Chap 1 corrigé.doc". Faili isiyo na taarifa yoyote ndani yake husomwa kwa jina lake la nje, na hapo Calibre hutarajia kichwa kitangulie, kifuate kistari, kisha mwandishi. Faili zangu nyingi zilikuwa kinyume chake, kwa hiyo nilikuta mamia ya waandishi wenye majina kama "Uchumi wa vijijini". Hilo la pili lina dawa ya haraka: unachagua vitabu vyote vilivyogeuka, unafungua dirisha la kuhariri taarifa kwa pamoja, unaweka alama kwenye kisanduku cha kubadilishana kichwa na mwandishi, na kwa pigo moja kila mtu anarudi kwenye kiti chake. La HP halina njia ya mkato.

Niwaonyeshe kimoja tu. Nilichukua cha kwanza kati ya vile 143, nikabonyeza herufi E, dirisha la kuhariri likafunguka. Kichwa: "sylla HEC def". Mwandishi: HP. Lugha: hakuna. Nikafungua faili yenyewe na kusoma ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa na jina la kozi ya historia ya uchumi wa Kongo, jina la mhadhiri na mwaka wa masomo. Nikaandika kichwa jinsi kilivyo kwenye karatasi, nikaandika mwandishi, nikachagua Kifaransa, nikaweka mwaka, nikaongeza lebo mbili. Kisha nikaiambia programu ichukue ukurasa wa kwanza kuwa jalada. Dakika mbili hivi. Zidisha kwa 143, ongeza na za User, DELL, Administrator na wenzao, na mtaelewa kwa nini kazi hii imekula jioni zangu za miezi mitatu.

Kwa vitabu vilivyotoka kwa wachapishaji wakubwa kazi ni nyepesi zaidi, maana unaandika namba ya ISBN, unabonyeza kitufe cha kupakua taarifa, na programu inaviletea kichwa, jalada, mwaka na muhtasari kutoka Google, Amazon na kwingineko. Vitabu vya Paris vinapatikana vizuri. Kijitabu kilichochapwa na parokia ya Likasi, usitarajie.

Utafutaji ndio ulionifanya niendelee bila kukata tamaa. Kwenye kisanduku cha kutafutia nilikuwa naandika authors:"=HP" na kazi iliyobaki inajitokeza yenyewe; nikiandika cover:false napata vitabu visivyo na jalada, na tags:false visivyo na lebo. Ishirini kila jioni, halafu nafunga.

Kuhusu lebo, nina msimamo ambao baadhi yenu mtaupinga: ziwe chache. Mwanzoni nilikuwa na lebo 160, na kila kitabu kilikuwa kama mgonjwa aliyebandikwa plasta mwili mzima. Leo ninazo 22. Kwa sisi watu wa historia ya huku kuna mtego zaidi, kwa sababu mahali pamoja pamepewa majina mengi. Katanga yetu iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, mji huu ulikuwa Elisabethville hadi 1966, Likasi ilikuwa Jadotville. Nilipotafuta lebo ya Katanga nilipata nusu tu ya vitabu, na nusu nyingine ilikuwa imejificha chini ya Shaba. Sasa kila mahali pana lebo moja, ya jina la leo, na jina la zamani linabaki kwenye kichwa cha kitabu ambako ndiko kwao.

Fundi wa Katuba

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, nimesoma yote kwa makini na ninakupongeza kwa subira, lakini naomba nipinge. Mimi natengeneza kompyuta za watu kila siku na nimeona programu nyingi zikija na kuondoka. Folda zilizopangwa vizuri hazifi. Ukiwa na folda ya Historia, ndani yake folda ya Kongo, ndani yake folda ya Katanga, utapata kitabu chako kwenye mashine yoyote, hata ile isiyo na kitu kingine zaidi ya Windows. Wewe umekabidhi vitabu vyako 2,314 kwa mtu mmoja anayeitwa Kovid, na siku akichoka utafanya nini?

Mwalimu wa Kamalondo

Fundi, hoja yako ni nzito na niliibeba kichwani kwa muda mrefu kabla sijaamua. Nina majibu mawili.

La kwanza ni kwamba folda inakulazimisha kuchagua. Nina kitabu kinachohusu reli, wachimbaji wa shaba na wamisionari, vyote kwa pamoja. Nikiweke folda ipi? Nikikinakili kwenye folda tatu, siku nikipata toleo lililosahihishwa nitabadilisha moja na kusahau mbili. Kwenye Calibre kitabu ni kimoja, kiko mahali pamoja, na kinaonekana kwenye kila rafu ninayokiitia. Nimejitengenezea pia maktaba pepe, yaani utafutaji uliohifadhiwa kwa jina, ambao ukiubonyeza unakuonyesha sehemu tu ya mkusanyiko: ya darasa la tano ina vitabu 61 na sioni kingine chochote ninapotayarisha masomo.

La pili ni kuhusu Kovid kuchoka. Vitabu havikufungwa ndani ya kitu kisichofunguka. Ukiiondoa programu leo, utakuta folda za waandishi, na ndani yake PDF na EPUB zilezile zinazofunguka kwa programu yoyote. Faili ya metadata.opf unaweza kuisoma kwa Notepad. Na msimbo uko wazi, kwa hiyo akichoka mmoja anaweza kuendelea mwingine.

Fundi wa Katuba

Nakubali nusu. Lakini kuna jambo hujawaambia watu, na mimi nimelijua kwa kumrudishia mteja vitabu vyake. Ukihariri taarifa ndani ya Calibre, mabadiliko yanaandikwa kwenye kanzidata na kwenye ile OPF, si ndani ya kitabu chenyewe. Mteja wangu alinakili PDF moja kwa moja kutoka kwenye folda ya maktaba, akampelekea rafiki yake, na kwa rafiki mwandishi akarudi kuwa HP. Dawa ni kuvitoa vitabu kwa amri ya kuhifadhi kwenye diski, ambayo huingiza taarifa mpya ndani ya faili inapotoka, au kutumia amri ya kupachika taarifa ndani ya vitabu vilivyomo. Amri hiyo ya pili unaweza kulazimika kuiongeza wewe mwenyewe kwenye mwambaa wa vitufe.

Mwalimu wa Kamalondo

Asante, Fundi. Hilo sikulijua, na nina hakika nimeshawatumia watu watatu au wanne vitabu vya HP bila kujitambua.

Mama Maktaba

Mwalimu, hongera kwa kazi. Nimetunza maktaba ya parokia tangu enzi za kadi za karatasi, na naona umepita haraka sana kwenye majina ya waandishi, ambako ndiko makosa yetu yanakozaliwa.

Calibre hutenganisha waandishi wawili kwa alama ya &, si kwa koma wala kwa neno "na". Ukiweka koma, itadhani ni mtu mmoja aliyetanguliza jina la ukoo. Zaidi ya hapo, inapopanga waandishi kwa alfabeti, huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwa Mfaransa hilo ni sawa. Kwa Mkongomani aliyeandikwa, tuseme, Ilunga Kasongo Joseph, programu humweka kwenye herufi J, na hapo wana Joseph wote wa Kongo wanakutana kama kwenye harusi. Fungua dirisha la kusimamia waandishi, utaona safu ya jina na safu ya jina la kupangia. Kwenye hiyo ya pili andika Ilunga Kasongo, Joseph, naye atarudi kwenye herufi I. Ni kazi ya mara moja kwa kila mtu.

Mfano mgumu kuliko yote ni V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941. Herufi hizo mbili zilikuwa Valentin-Yves. Mwaka 1972 Mobutu alipowataka raia waache majina ya Kikristo, herufi zilezile zikawa Vumbi Yoka. Ukipakua taarifa zake kutoka sehemu mbalimbali utapata watu watatu, na Calibre itawatunza kwa heshima zote kama watu watatu. Ukiwabadilisha wote wawe na jina moja kwenye dirisha hilohilo, wataungana na vitabu vyao vitakaa pamoja. Mimi nilichagua V. Y., kwa kuwa linabeba yote mawili.

Na lugha, tafadhali, msiiache wazi. Kitabu cha Kifaransa kikiwekewa lugha sahihi, programu huruka Le, La na Les inapopanga vichwa. Kisipowekewa, unaweza kukuta rafu nzima imejazana kwenye herufi L. Kwa Kiswahili hatuna tatizo hilo, ila tuna jingine: katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, Kiswahili kwa jumla ni swa, Kiswahili cha pwani na sanifu ni swh, na Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc. Chagueni mmoja mapema, ama sivyo mtajikuta na Kiswahili katika makabati mawili. Kibemba ni bem, na Kiluba cha Katanga ni lub.

Mwanafunzi wa Historia

Papa Mwalimu, Mama, shikamooni. Mimi nina simu tu; kompyuta tunayo moja nyumbani na ni ya kaka yangu. Tena ninachokusanya si vitabu bali makala za PDF kwa ajili ya TFC yangu, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo ya chuo. Je, Calibre itanifaa?

Mwalimu wa Kamalondo

Mwanangu, marahaba. Kwa makala za utafiti nitakuwa mkweli: Calibre itazipokea, lakini utakuwa unatumia panga kumenyea kitunguu. Tafuta Zotero, ambayo nayo ni ya bure, na nayo ilianza mwaka 2006. Ukiiburutia PDF ya makala yenye namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, inajaza jina la jarida, mwaka na kurasa yenyewe, na ukiwa unaandika TFC yako kwenye Word au LibreOffice inapanga marejeo kwa mtindo utakaotakiwa na mwalimu wako. Nafasi ya bure ya kuhifadhi faili kwenye seva zao ni megabaiti 300, ambazo huisha upesi, lakini faili zilizo kwenye kompyuta yenu hazina kikomo hicho.

Kuhusu simu, hakuna Calibre ya kusakinisha kwenye Android, ila kuna njia tunayoitumia hapa nyumbani, na haili hata mega moja. Simu ya binti yangu inawasha mtandao wake wa Wi-Fi huku data imezimwa. Kompyuta inajiunga na mtandao huo, mimi nafungua menyu ya kuunganisha na kushiriki ndani ya Calibre, nawasha seva ya maudhui. Programu inaonyesha anwani, kwa mfano 192.168.43.10:8080, na kila mwenye simu iliyojiunga anaiandika kwenye kivinjari chake. Maktaba nzima inatokea na majalada yake, unatafuta, unasoma hapohapo au unapakua kitabu kwenye simu. Mara ya kwanza Windows itauliza kama iruhusu mawasiliano, nawe ruhusu. Usipoweka jina la mtumiaji na nywila, wageni wanaweza kusoma tu, hawawezi kubadilisha kitu. Jumamosi moja umeme ulikatika, kompyuta ikabaki na betri, na watoto wanne wa uani walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakichagua hadithi kutoka kwenye mashine iliyo chumbani mwangu. Kompyuta ilidumu saa moja na robo.

Wenye programu za kusomea kama KOReader au Librera wanaweza kuingiza anwani hiyohiyo wakiongeza /opds mwishoni, na orodha ikatokea ndani ya programu yao.

Msomaji wa Ruashi

Mimi nina maswali mawili mafupi. Je, inaweza kugeuza PDF kuwa EPUB ili nisome kwenye simu bila kuvuta ukurasa kulia na kushoto? Na je, kompyuta ikiibwa?

Mwalimu wa Kamalondo

La kwanza: inaweza, lakini usiitegemee. Mwongozo wa Calibre wenyewe unasema PDF ni miongoni mwa malighafi mbaya kabisa kwa kugeuza, kwa sababu faili ya PDF hujua herufi ziko wapi kwenye karatasi, haijui aya inaanzia wapi. Utapata namba za kurasa katikati ya sentensi, na kitabu cha safu mbili kinaweza kutoka kama mazungumzo ya walevi wawili. Ikiwa PDF ni picha za kurasa, hakuna maandishi ya kugeuza hata kidogo. Kwa sababu hiyohiyo, utafutaji wa ndani ya vitabu, ulioletwa na toleo la 6, hautaona kitu humo. EPUB kwenda AZW3 kwa ajili ya Kindle, hapo inafanya kazi nzuri sana. Vitabu vilivyofungwa kwa kufuli la muuzaji haivigeuzi.

La pili limenigusa, kwa sababu nusura nipoteze maktaba yangu, na bila mwizi.

Mwezi wa nne, mpwa wangu, kijana mwerevu na mwenye nia njema, aliitumia kompyuta yangu akaona folda ya Calibre. Akaona majina ya waandishi yameandikwa bila nukta za Kifaransa, na folda za vitabu zina namba kwenye mabano mwishoni, akadhani ni uchafu. Akaanza kunisaidia. Alibadilisha majina ya folda 80 hivi kwa mkono, akafuta namba, akahamisha silabasi zote kwenye folda moja nzuri aliyoiita "Cours". Jioni nikabonyeza kitabu, nikaambiwa hakipo. Nikabonyeza kingine, hakipo. Namba zile kwenye mabano si uchafu. Ndizo kitambulisho cha kitabu katika kanzidata, na folda ile ni stoo ya programu, mtu haingii kupanga kwa mkono wake.

Niliendesha ukaguzi wa maktaba, ulio kwenye menyu ya matengenezo, ukanipa orodha ya vitabu ambavyo faili zake hazionekani na folda zisizojulikana. Kwa bahati nilikuwa na nakala ya folda nzima kwenye diski ya shemeji, ya siku tisa nyuma. Nikaifunga Calibre, nikairudisha folda yote kama ilivyokuwa, nikapoteza kazi ya siku tisa tu, yaani vitabu 180 vya kuhariri upya. Laiti ingekuwa kanzidata peke yake imeharibika, kuna amri ya kuirejesha kwa kusoma zile OPF za kila folda. Ndiyo kazi yake.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili nafunga programu kwanza, ndipo nanakili folda nzima kwenye diski mbili, moja inalala kwangu na nyingine kwa shemeji. Folda ya maktaba siiweki kwenye huduma ya kusawazisha ya mtandaoni wala kwenye diski ya mtandao, kwa kuwa watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba huko kanzidata huharibika. Mpwa wangu nimempa maktaba yake mwenyewe, maana programu inaruhusu kuwa na zaidi ya moja. Ameipanga kwa rangi za majalada. Sijasema kitu.

Fundi wa Katuba

Yaya, hii ya mpwa ndiyo imenishinda. Nilikuwa nafikiri folda ni rafiki wa mtu asiyejua kompyuta, kumbe ndiye anayezivuruga. Kesho nasakinisha kwenye mashine ya duka, ile toleo la kubebeka linalokaa kwenye flashi, nijaribu.

Mwalimu wa Kamalondo

Jaribu, ila angalia njia ya folda isiwe ndefu, kwa kuwa toleo hilo linakataa njia inayofikia herufi 59. Liweke kwenye mzizi wa flashi, usilizike ndani ya folda sita.

Kwa sasa HP amebaki na vitabu sita, na kimoja kati yake kimenishinda. Ni silabasi ya kurasa 212, inaanza moja kwa moja ukurasa wa 3, haina jina la kozi wala mhadhiri, inazungumzia usafiri wa mtoni kabla ya reli. Kuna anayeweza kuitambua?

Mama Maktaba

Mwalimu, umeangalia mwisho? Silabasi zetu zinafuata desturi ya Kifaransa, orodha ya yaliyomo iko nyuma.

Mwalimu wa Kamalondo

Mama, iko ukurasa wa 211, na juu yake pameandikwa jina la kozi na mwaka, 1988. Jina la mhadhiri halimo. Nimemtoa HP na kuandika "Haijulikani". Amebaki na vitano.